Muziki wa Kufokafoka na Wajibu wa Wakubwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa Kunduchi, Dar es Salaam, mbele ya walimu na watumishi wa umma. Maamkizi ya mwanzo yamefupishwa.)



Katika barua yenu mliniomba nizungumzie jambo moja tu, nalo ni muziki wa kufokafoka, ambao wenyewe vijana huuita hip-hop, na athari zake kwa watoto wetu. Barua hiyo ilikuwa na sentensi moja ambayo sijaisahau. Ilisema kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anashindwa kukariri beti mbili za shairi lililomo katika kitabu chake, lakini anaweza kughani mistari sitini ya msanii anayempenda bila kukosea hata neno moja. Aliyeiandika alikuwa akilalamika. Mimi naomba tuichukue kama swali. Mtoto ni yule yule, na kichwa ni kile kile. Kwa nini kichwa hicho kinakataa kimoja na kupokea kingine? Tukilijibu swali hilo kwa ukweli, huenda tukagundua kwamba kesi hii ina washtakiwa wengi kuliko tulivyodhani, na kwamba baadhi yao tumo humu ukumbini.

Tuanze kwa kukijua tunachokizungumza. Muziki huu haukuzaliwa katika majumba ya matajiri. Ulizaliwa Bronx, jijini New York, na waandishi wa historia yake huanza kuhesabu tarehe 11 Agosti 1973, siku ambayo kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Bronx ya wakati ule ilikuwa mahali pa nyumba zilizoungua na vijana wasio na kazi, wengi wao wakiwa watu weusi na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1982 Grandmaster Flash na wenzake wa The Furious Five walitoa wimbo uitwao "The Message", ambao ulieleza waziwazi uchafu, ufukara na hasira za mitaa hiyo. Sisi ambao tangu utoto tumefundishwa kuwa upande wa wanyonge popote walipo duniani hatukupaswa kuushangaa sana muziki wa namna hiyo.

Baadaye wafanyabiashara walinusa fedha. Makampuni ya santuri yakaona kwamba matusi na bunduki vinauzika haraka kuliko malalamiko ya wanyonge, na yakauza kile kilichouzika. Wazazi wa Marekani nao wakapiga kelele kuhusu nyimbo chafu za kila aina. Mwaka 1985 malalamiko hayo yalifikishwa mbele ya Baraza la Seneti, na matokeo yake yakawa kubandika onyo juu ya majalada ya santuri. Wapo waliokuja kusema kwamba kwa kijana mwenye umri wa miaka kumi na mitano onyo hilo liligeuka kuwa tangazo. Nalitaja jambo hili ili tujue kwamba ubishi huu haukuanza Tanzania, na kwamba waliotutangulia kuufanya hawakuumaliza kwa kubandika karatasi.

Hapa kwetu muziki wa kufokafoka ulianza kusikika kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, Saleh J, alitia maneno ya Kiswahili katika mapigo ya wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice, na watu wakashangaa kuona kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit, ambalo mwanzoni lilighani zaidi kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza hakikudumu kuwa lugha ya muziki huu. Vijana walikuja kutambua kwamba wasikilizaji wao wako Temeke, Kinondoni, Tanga na Mbeya, na wasikilizaji hao wanataka kuelewa wanachoambiwa. Kiswahili kikashika usukani, na muziki ukapata jina la bongo fleva, kwa kufuata jina la utani la jiji hili, ambalo wakazi wake waliliita Bongo kwa kuwa pasipo kutumia ubongo huwezi kuishi humu.

Sasa tuje kwenye shtaka la kwanza, kwamba muziki huu ni kasumba ya kigeni. Shtaka hilo si jepesi. Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wa wasomi wetu walikuwa wakijua kucheza rumba, chachacha na twist, lakini ngoma za makabila yao hawakuzijua, na wengine hata kuzisikia hawakuwa wamezisikia. Kwa sababu hiyo aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ni hotuba inayopendwa sana na wale wanaotaka muziki wa vijana ufungiwe. Lakini wanaoinukuu huishia katikati. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya kwamba kufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kukataa kila cha wenzetu, na akalitolea maneno makali taifa linalokataa kujifunza kwa wengine.

Ndugu zangu, ninyi mnaoishi hapa mna ushahidi wa maneno hayo karibu na milango yenu. Nendeni kwenye magofu ya Kunduchi. Mtakuta mabaki ya msikiti wa kale na makaburi yenye minara ambayo wazee wa pwani hii waliyajenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika makaburi hayo walipachika sahani na mabakuli ya Kichina yaliyokuja kwa majahazi. Je, kwa kupachika bakuli la Kichina, makaburi yale yaligeuka kuwa ya Wachina? La hasha. Bakuli lilikuwa la mgeni, lakini ukuta ulikuwa wa mwenyeji, na aliyelala chini yake alikuwa mwenyeji. Leo Serikali inayahifadhi makaburi hayo kama urithi wa Taifa, pamoja na mabakuli yake.

Na katika muziki mambo yamekuwa hayo hayo. Taarabu ilikuja Unguja kutoka Misri katika enzi za masultani, ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Akatokea Siti binti Saad, mtoto wa shamba, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Wimbo wake wa "Kijiti" ulilalamikia mauaji ya mwanamke na jinsi mahakama ilivyowaadhibu mashahidi huku mhalifu akiwa amekwisha kutoroka. Ngoma ya beni iliiga matarumbeta ya majeshi ya wakoloni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika nzima. Dansi nalo lilijengwa juu ya dansi za Kizungu na santuri za Cuba. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na ilipofika mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz. Wazee wanaotikisa vichwa leo wakisikia kufokafoka waliposana kwa rumba, wala hakuna aliyewanyang'anya utaifa wao.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba asili ya mapigo si kipimo. Kipimo ni mambo mawili: lugha ni ya nani, na maneno yanasema shida na matumaini ya nani. Kijana akiimba kwa Kiswahili juu ya nauli ya daladala, kodi ya chumba na ahadi za mgombea, huyo amekwisha kulipachika bakuli katika ukuta wetu. Lakini kijana wa Kunduchi akijifanya mtu wa Bronx, akijisifu kwa bunduki asiyokuwa nayo na magari asiyoyaendesha, huyo bado amebeba bakuli mkononi na hajui aliweke wapi. Mwenzetu huyo anahitaji kufundishwa. Viboko havitamsaidia.

Shtaka la pili ni la maadili, nalo sitalipunguza makali. Zipo nyimbo zinazomtaja mwanamke kama bidhaa ya sokoni. Zipo zinazofanya ulevi kuwa ushujaa, na zipo zinazomfundisha kijana kwamba utajiri hupatikana bila jasho, na kwamba anayeamka alfajiri kwenda kazini ni mjinga. Mwalimu wa kike anayesimama mbele ya darasa la wavulana waliokesha wakisikiliza maneno ya namna hiyo anaiona athari yake katika macho na majibu yao. Mtu asiseme kwamba hayo ni burudani tu. Maneno yanafundisha, kama yasingefundisha, tusingeajiri walimu.

Lakini tusiubebeshe muziki mizigo ambayo si yake. Heroini haikuingia Kinondoni kwa kupandia wimbo. Iliingizwa na wafanyabiashara watu wazima, wenye fedha na wenye kujuana, na ilipofika mwaka 2011 ilitubidi tufungue huduma ya methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ili kuwaokoa vijana waliokwisha kunaswa. Mimba za wanafunzi nazo, katika kesi nyingi tunazozisikia, mhusika ni mtu mzima mwenye fedha ya chipsi na pikipiki. Ni rahisi kumlaumu msanii, kwa kuwa sauti yake inasikika. Mhalifu wa kweli hufanya mambo yake kimya kimya.

Na sisi tulikuwa wapi? Hapa nawaomba tuitazame miaka ile ambayo muziki huu ulipiga hodi. Mwaka 1991 lilipitishwa Azimio la Zanzibar, lililolegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Mwaka 1992 ukaja mfumo wa vyama vingi. Mwaka 1993 ikapitishwa sheria ya utangazaji iliyoruhusu watu binafsi kumiliki redio na televisheni, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikawa hewani. Mwaka huo huo wa 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa wahitimu yalisitishwa, na hayakurejeshwa mpaka mwaka 2013. Sisemi kwamba mabadiliko hayo yote yalikuwa mabaya. Mimi mwenyewe ni mwandishi wa habari, na siwezi kuulilia wakati ambapo nchi nzima ilikuwa na redio moja tu. Ninachosema ni kwamba katika miaka mitatu au minne tulifungua madirisha yote ya nyumba, na wakati huo huo wazee wakatoka sebuleni. Kijana alibaki na redio. Redio ilizungumza naye saa ishirini na nne, na sisi tukazungumza naye siku ya matokeo ya mtihani.

Kumbukeni ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA waliifanya ngonjera kuwa chombo cha kufundishia siasa na kilimo, na ikaenea katika shule zetu. Watoto wawili walisimama mbele ya wazazi, mmoja akiwa mjinga na mwingine mwerevu, wakajibizana kwa beti mpaka mjinga akakubali. Walimu wenzenu wa wakati ule hawakuhitaji mitambo. Walihitaji chaki, vina na watoto. Sasa jiulizeni: ni lini mara ya mwisho mwanafunzi wenu alitunga ngonjera, badala ya kukaririshwa moja ya kumsifu mgeni rasmi? Tuliiua ngonjera kwa kuifanya kuwa sifa tupu. Ngonjera isiyokuwa na ubishi ndani yake ni kasuku wawili tu.

Na vijana walifanya nini? Waliichukua ngonjera tuliyoitupa. Mwaka 2001 Joseph Haule, anayejulikana kwa jina la Profesa Jay, alitoa wimbo uitwao "Ndio Mzee". Ndani yake mwanasiasa anaahidi mambo yasiyowezekana, na umati unamwitikia kila mara kwa maneno hayo ya jina la wimbo. Huyu anasema, wale wanajibu. Nchi nzima ilicheka, wakiwamo wanasiasa. Lakini kicheko hicho kilikuwa na uchungu wake, kwa sababu sisi tuliozoea mikutano ya hadhara tuliitambua sauti ile, tena tuliitambua kwa karibu mno. Wagosi wa Kaya, vijana wa Tanga, waliimba juu ya wauguzi na jinsi mgonjwa maskini anavyopokewa hospitalini. Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II, aliimba "Hali Halisi" mwishoni mwa miaka ya 1990. Wimbo wa namna hiyo ni taarifa ya ukaguzi iliyowekewa mapigo.

Wakubwa tuliipokeaje taarifa hiyo? Mbilinyi aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa kura za watu wa Mbeya Mjini, na Haule akaingia mwaka 2015 kwa kura za watu wa Mikumi, wote wawili kwa tiketi ya chama cha upinzani. Wapo wana-Chama wenzangu ambao mpaka leo wanaieleza habari hiyo kama ajali. Haikuwa ajali. Vijana walikuwa wamezungumza nasi kwa nyimbo kwa zaidi ya miaka kumi. Sisi tuliwaita majukwaani wakati wa kampeni ili watukusanyie watu, na walipomaliza kuimba tukawalipa nauli na kuwaaga. Tulitaka sauti yao, lakini maneno yao hatukuyataka. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu akakiita "Tujisahihishe". Hakukiita "Tuwasahihishe".

Na sasa nizungumzie marufuku, kwa maana najua kwamba wengi wenu mngependa nimalizie hapo. Chama chetu na Serikali yetu vina uzoefu wa jambo hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Novemba 1969 mamlaka za mkoa zikaupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, kwa hoja ya kuulinda utamaduni wa Taifa. Barua nyingi ziliandikwa magazetini, na waliobisha waliuliza swali zuri: muziki wa watu weusi wa Marekani, wanaopigania haki zao, unakuwaje adui wa Mwafrika? Nia ya viongozi wale ilikuwa njema. Walitaka Taifa changa liwe na sura yake. Lakini nani leo atasema kwamba suruali za kubana zilitoweka? Wanaoidai marufuku ya leo ni watoto na wajukuu wa vijana waliofukuzwa katika kumbi zile.

Hata katika miaka ya karibuni tumeyaona. Mwaka 2018 nyimbo zaidi ya kumi zilipigwa marufuku kurushwa na redio na televisheni. Baadhi yake, nasema kwa dhati, hazikustahili kusikika mbele ya mtoto. Lakini simu haisomi tangazo la Serikali. Wimbo uliokatazwa redioni ulipita kutoka simu hadi simu kabla jua halijazama, na sasa ulikuwa na utamu wa tunda la wizi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2017, tulipata somo tofauti. Msanii Ney wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake uitwao "Wapo", ulioikosoa jamii na wakubwa wake, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Siku iliyofuata waziri aliyehusika na habari na sanaa alitangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, na kwamba anamshauri auboreshe kwa kuwataja waovu wengine, kama wakwepaji kodi. Sisemi kwamba katika kipindi kile wasanii wote walitendewa hivyo. Wanaojua mambo wanajua kwamba sivyo. Lakini siku ile njia sahihi ilionekana. Mkubwa alisikiliza, akajibu, akaongeza ubeti. Hiyo ndiyo ngonjera.

Naomba mniruhusu kisa kimoja cha kwangu, kwa kuwa kinahusu kazi yenu. Mwaka huo wa 2001 nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa na daftari la mistari mia moja na ushee, ambamo niliandika nyimbo nilizozisikia redioni. Nilizirekodi katika kanda, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikaandika, mpaka nikapata kila neno. Mwalimu mmoja akalikuta daftari hilo, akanichapa viboko vinne, akalichana mbele ya darasa. Wala simlaumu. Aliona mtoto anapoteza muda wa hesabu.

Nilipofika sekondari mwalimu mwingine wa Kiswahili alinikuta na daftari la pili. Nilinyoosha mkono tayari kwa fimbo. Yeye akafungua ukurasa, akaniuliza: "Vina viko wapi hapa?" Sikujua kujibu. Akanipa kalamu nyekundu akaniambia nivipigie mstari. Nilipiga mistari mpaka kengele ikalia. Juma lililofuata alinitaka nihesabu mizani, na juma lililofuata tena akaniletea shairi la kale akaniambia nitafute kama huyu naye anajua kufokafoka. Kuanzia siku hiyo sikupata tena shida ya kukariri beti mbili. Na ikiwa leo naandika magazetini, sababu mojawapo ni ile kalamu nyekundu.

Ndilo jibu la swali mlilonitumia katika barua. Mtoto anakariri mistari sitini kwa sababu maneno yale yanamhusu na kwa sababu anayaghani mbele ya wenzake na kusifiwa. Shairi la kitabuni anapewa kama dawa chungu, na halighani mbele ya mtu yeyote isipokuwa msahihishaji. Wataalamu wetu wamewahi kubishana hivi hivi. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, akiandika mashairi yasiyofuata vina na mizani, washairi wa jadi walisema anauvunja ushairi wa Kiswahili. Ushairi haukuvunjika, na vijana wa kufokafoka, bila kuambiwa na mtu, wamerudi wenyewe kwenye vina. Wazee wa jadi wangekuwa wa kwanza kuwapongeza.

Basi nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwenu walimu. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Msilifanye kuwa kipindi cha kupumzikia. Waacheni watoto walete mistari wanayoipenda, muichuje pamoja nao. Mwulizeni msichana aliye darasani anajionaje akisikia mstari fulani, na wavulana wamsikilize mpaka amalize. Mkifanya hivyo mara kumi mtakuwa mmefanya kazi ambayo marufuku mia haitaifanya. Kisha waambieni watunge wao: juu ya maji, juu ya choo cha shule, juu ya dereva wa daladala anayemkataa mwanafunzi. Nanyi muwe tayari kusikia mambo yasiyowapendeza juu ya shule yenu.

La pili ni kwenu watumishi wa umma. Kwa miaka mingi msanii aliuza kanda nzima kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na msambazaji akala matunda. Sheria ya hakimiliki tuliitunga mwaka 1999. Tukiwa na haraka ya kukagua maadili ya wimbo, tuwe na haraka hiyo hiyo ya kukagua mkataba wa aliyeuimba. Zamani jambo hilo lilikuwa na jina, na sijaona sababu ya kulibadilisha: unyonyaji. Kijana anayenyonywa huimba kile anachoagizwa na anayemnyonya, na mara nyingi anachoagizwa ni matusi.

La tatu ni kwetu sisi wa Chama na wa magazeti yake. Tuache kuwatafuta wasanii mwaka wa uchaguzi peke yake. Wimbo unaotukosoa ukipigwa, kwanza tuulize kama ni kweli. Kama ni uongo, tuujibu kwa hoja katika kurasa hizi. Kama ni kweli, tujisahihishe, na ikibidi tumshukuru mwimbaji.

Ndugu Mwenyekiti, nilipokuwa nakuja hapa nimepita Mtongani, nikawakuta vijana wanaponda kokoto juani. Mmoja alikuwa na simu mfukoni, inapiga, naye anaghani huku nyundo ikishuka. Nilisimama kidogo. Wimbo wenyewe siujui, na neno moja au mawili yaliyomo nisingependa kuyarudia hapa. Lakini nyundo ilikuwa inashuka juu ya kina, kila mara, bila kukosea. Kijana huyo hakuwa amekosa akili wala utamaduni. Ninalojiuliza ni nani kati yetu amewahi kusimama pale akamwuliza anaghani nini, na kwa nini.